Bidoni Yako Ni ya Litri Ngapi?



Siku ya posho iliyopita, mama mmoja aliniuliza kabla ya mazoezi: "Mwalimu, nianze na bidoni gani?" Hapa Kenya hatuhitaji kununua vyuma, bidoni za maji zinatosha. Lakini swali lake ni la maana, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea pale pale.

Nilipoanza, nilichukua bidoni ya litri 20 iliyojaa. Nilijiambia: hii naibeba kila siku kutoka foraji, itanishinda namna gani? Nikachuchumaa na kuinuka mara sita. Mara ya saba mgongo ukakamata. Juma zima nilifundisha nikiwa nimeketi.

Mzigo wa nyumbani hautuulizi tunaweza kiasi gani. Maji yanatakiwa, tunabeba. Uzito wa mazoezi tunauchagua sisi, ili kesho ule wa nyumbani usituumize.

Kupima ni rahisi: litri moja ya maji ni kilo moja. Chupa ya nusu litri ni nusu kilo. Bidoni ya litri 5 iliyojaa inapita kilo 5 kidogo tu. Lakini usijaze mchanga ukidhani ni sawasawa: litri moja ya mchanga inafika kilo moja na nusu, hata zaidi.

Sasa fanya zoezi polepole huku ukihesabu. Ukifika 12 na bado unaweza kupiga soga na jirani, uzito ni mdogo. Ukishindwa kufika 8, au mgongo ukipinda, au ukirusha mzigo kwa kiuno, umezidi. Mwaga maji kidogo, bila haya. Uzito wako ni ule unaofanya mara mbili tatu za mwisho ziwe ngumu, lakini mwili ubaki umenyooka. Toa pumzi unapoinua, usiibane. Pumzika dakika moja au mbili, kisha rudia.

Uzito mmoja hautoshi kwa mwili mzima. Miguu ina nguvu kuliko mabega. Unaweza kuchuchumaa na bidoni ya litri 5 kifuani, lakini kwa kuinua mikono juu ya kichwa ukahitaji chupa ya litri moja tu.

Ukifika 12 vizuri katika mazoezi mawili yanayofuatana, ongeza nusu litri, si bidoni nzima. Hiyo ndiyo faida ya maji: yanaongezwa kwa kikombe. OMS inashauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa juma. Basi usitake kumaliza yote siku moja.

Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, mwenye tansio au ngiri, amuone munganga kwanza. Na kwa kila mtu: maumivu makali ya ghafla yakija, weka chini.

Yule mama nilimpa bidoni ya litri 5, yenye maji nusu. Alicheka: "Hii ni ya mtoto!" Tukaanza kuhesabu pamoja, polepole. Kufika ya kumi, hakucheka tena. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na kesho yake alienda sokoni kama kawaida.

Tuonane siku ya posho, kila mtu na bidoni yake. Ya mwenzako usiitazame.