Viza ya kwenda Ulaya: ukweli wa mwombaji na haki ya mwenye mlango

Katika parokia zetu nyingi, safari ya Ulaya huanzia katika ofisi ya paroko. Huyu anaomba barua kwa sababu binti yake, mtawa, ataweka nadhiri za daima nchini Italia. Yule amejiandikisha katika hija ya Roma, Lourdes na Fatima. Mwingine ana mwanawe aishiye Ujerumani, naye amejaliwa mtoto, na bibi anatamani kumpakata mjukuu wake kabla ya nguvu kumwishia. Wote wanahitaji kibali kimoja, yaani viza ya muda mfupi ya Schengen. Baadhi yao hurudi ofisini hapo baada ya majuma machache wakiwa na karatasi ya kukataliwa mkononi na swali moja moyoni: tumekosa nini?

Tunapenda kulitazama swali hili kwa utulivu, kwa maana ndani yake mna mambo mawili yanayogusa imani yetu: wajibu wa mwombaji kusema kweli, na wajibu wa mwenye mlango kutenda haki. Mafundisho ya Kanisa yanaziweka nyajibu hizi mbili pamoja, wala hayaturuhusu kuushika mmoja na kuuacha wa pili.

Kibali chenyewe

Schengen ni kijiji cha Luxembourg ambako, tarehe 14 Juni 1985, nchi tano za Ulaya zilitia saini mkataba wa kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi katika mipaka baina yao. Leo nchi zilizomo ni 29. Mwenye viza ya muda mfupi anaruhusiwa kukaa humo kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Vatican haimo katika mkataba huo, lakini hakuna njia ya kuifikia isipokuwa kupitia Italia. Hivyo hujaji aendaye kusali penye kaburi la Mtume Petro huomba viza ya Italia. Ireland na Uingereza haziko katika eneo hili, na anayekwenda huko hufuata utaratibu mwingine kabisa.

Anayepanga kupita nchi kadhaa hupeleka ombi lake kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, hupeleka kwa nchi atakayoingia kwanza. Jambo hili linayahusu sana makundi ya hija, kwa sababu ratiba inayosema siku nane Italia na siku tatu Ufaransa haipaswi kupelekwa Ufaransa eti kwa kuwa huko foleni ni fupi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya siku 15, ingawa muda huo waweza kurefushwa hadi siku 45.

Ada ilikuwa euro 60 hadi mwanzoni mwa mwaka 2020, ikapanda kuwa euro 80, na tangu tarehe 11 Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, yaani zaidi ya shilingi laki mbili za Tanzania. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Penye kituo binafsi kinachopokea maombi kwa niaba ya ubalozi, ada ya huduma huongezwa juu yake. Ombi likikataliwa, fedha hiyo hairudi. Kwa mama anayeishi kwa kuuza ndizi, hiyo ni akiba ya miezi kadhaa, bado hatujahesabu nauli ya kutoka Kigoma au Songea hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kutoa alama za vidole.

Mzigo wa kuthibitisha kwamba utarudi

Pasipoti halali, bima ya safari inayofidia angalau euro 30,000, mahali pa kulala, mpango wa safari na fedha za kujikimu ni mambo yanayoweza kuhesabiwa. Kilicho kigumu ni kile kisichoonekana, yaani nia ya kurudi. Sheria inamtaka afisa akatae ombi akiwa na shaka ya msingi kwamba mwombaji hataondoka Ulaya muda wake utakapokwisha. Lakini ni nani awezaye kuiweka nia yake mezani? Afisa hutafuta ishara: ajira yenye mkataba, mshahara unaoingia benki kila mwezi, nyumba, familia inayobaki nyuma, safari za awali.

Hapa ndipo wengi wa watu wetu wanapojikwaa, hata wakiwa wanyofu kabisa. Mkulima wa kahawa hupata fedha yake mara moja kwa msimu. Mfanyabiashara wa sokoni huzungusha mtaji wake kwa simu, na akaunti yake ya benki imelala. Mjane ana shamba alilolima miaka arobaini, wala hana karatasi yake. Maisha yao yamefungwa nyumbani kwa kamba nyingi, lakini kamba hizo hazionekani katika fomu. Kukataliwa kwao, kwa hiyo, si lazima kuwe ushahidi wa chuki ya afisa wala wa hila ya mwombaji. Mara nyingi ni umbali kati ya maisha yanavyoishiwa kijijini na maisha yanavyoandikwa ofisini.

Umbali huo waweza kupunguzwa kwa njia za kweli. Hati ya hakimiliki ya kimila, stakabadhi za mazao kutoka chama cha ushirika, taarifa ya akiba ya SACCOS, leseni ya biashara, barua ya serikali ya kijiji, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto: hizi zote ni sauti za maisha ya mtu. Ziambatane na tafsiri kwa lugha ubalozi unayoikubali. Mwenyeji aliye Ulaya naye ana sehemu yake. Nchini Ujerumani na Ufaransa, kwa mfano, anaweza kupata kwa mamlaka za mahali anapoishi hati rasmi ya kumdhamini au kumpokea mgeni wake.

Kishawishi cha njia ya mkato

Katikati ya mwombaji na ubalozi amesimama mtu wa tatu, ambaye watu wetu humwita kishoka. Huyu huahidi kwamba anamjua mtu ndani. Hutoa taarifa ya benki iliyopikwa, barua ya mwajiri ambaye hayupo, na hoteli ambayo hakuna atakayelala. Wengine hukopa fedha, huziweka benki kwa juma moja, huchapisha taarifa, kisha huzirudisha. Anayefanya hivyo hujiambia kwamba nia yake ni njema: anakwenda hija, anakwenda kumwona mtoto. Je, Mungu hataelewa?

Amri ya nane haina kifungu cha msamaha kwa ajili ya mahujaji. Hatuwezi kwenda kuungama dhambi zetu Roma kwa karatasi ambayo yenyewe ni uongo. Zaidi ya hayo, uongo huu una wahanga. Ombi lenye hati bandia hukataliwa, na kumbukumbu zake huhifadhiwa kwa miaka mitano katika mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen. Kisha afisa aliyedanganywa mara mbili na watu wa mji mmoja humtazama wa tatu kwa jicho la mashaka, na huyo wa tatu huenda ndiye yule mama mnyofu. Anayeghushi hulipa kwa heshima ya jirani yake.

Kinyume chake, uaminifu hujenga. Sheria ya Ulaya inaelekeza kwamba aliyepata na kutumia vizuri viza tatu katika miaka miwili iliyotangulia anaweza kupewa viza ya kuingia mara nyingi yenye uhai wa mwaka mmoja, baadaye ya miaka miwili, na hatimaye ya miaka mitano. Anayerudi nyumbani kwa wakati anajifungulia mlango yeye mwenyewe, na anawaachia wengine sifa njema. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, kuingia na kutoka kwa wageni kumeanza kuandikwa kwa mfumo wa kielektroniki badala ya muhuri, hivyo siku zilizozidi huonekana waziwazi.

Barua ya paroko

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma akimtambulisha kwao Foibe, mhudumu wa Kanisa la Kenkrea, na kuwasihi wampokee. Barua ya utambulisho ni desturi ya kale ya Kanisa, nayo ina heshima kwa sababu mwandishi anamjua anayemwandikia.

Ndiyo maana tunawaomba waamini wasimtie paroko katika majaribu. Barua ya parokia iseme yale ambayo parokia inayajua: kwamba mtu huyu ni mwamini wetu, anashiriki Jumuiya Ndogo Ndogo yake, ameoa au ameolewa kanisani, ni mwalimu wa katekesi au mwanakwaya, ana hija iliyoandaliwa tarehe fulani. Isiseme kwamba ana mshahara tusioufahamu, wala isimfanye kiongozi wa kundi mtu asiyesali nasi. Kamati za hija nazo zina wajibu wao: zieleze gharama zote mapema, zitamke bayana ni fedha ipi haitarudishwa viza ikikataliwa, na zisimpeleke mtu ambaye tayari amewaambia rafiki zake kwamba harudi. Anayetumia hija kama kificho cha uhamiaji anawafungia mlango mahujaji watakaomfuata.

Haki ya mwenye mlango

Tukiishia hapa tutakuwa tumewahubiria maskini peke yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2241, inafundisha kwamba mamlaka za nchi zaweza kuweka masharti ya kisheria kwa wageni kwa ajili ya mafao ya wengi, na mgeni anapaswa kuziheshimu sheria za nchi inayompokea. Lakini namba hiyohiyo inayataka mataifa yenye neema zaidi kumpokea mgeni kadiri yawezavyo. Mafundisho hayo yanamhusu hasa mhamiaji anayetafuta usalama na riziki. Je, si zaidi sana kwa mzazi anayeomba majuma mawili tu ya kumwona mwanawe?

Kwa hiyo yako mambo ambayo dhamiri ya Kikristo, hata ile ya waamini wenzetu walioko Ulaya, inapaswa kuyahoji. La kwanza ni kutolingana. Mtalii kutoka nchi nyingi za Ulaya hupata viza ya Tanzania kwa dola 50, mara nyingi kwa njia ya mtandao au anapofika uwanjani. Katika Afrika nzima, ni raia wa Mauritius na Shelisheli tu wanaoingia Schengen kwa ziara fupi bila viza. Wageni wetu wanapokewa kwa karibu, nasi hatukatai, kwa maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ukarimu unaokwenda upande mmoja tu hauwezi kuitwa udugu.

La pili ni kumwadhibu mtu kwa kosa lisilo lake. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu masharti ya viza kukazwa kwa raia wa nchi ambayo serikali yake haishirikiani vya kutosha kuwapokea watu wake wanaorudishwa. Mwaka 2022 ada kwa raia wa Gambia ilipandishwa hadi euro 120, na ongezeko hilo likaondolewa mwaka 2024. Mwaka huohuo wa 2024, muda wa kushughulikia maombi ya raia wa Ethiopia ulirefushwa kutoka siku 15 hadi siku 45. Mwanafunzi au bibi wa Addis Ababa hakushiriki katika mazungumzo ya serikali hizo, lakini ndiye anayesubiri.

La tatu ni namna ya kusema hapana. Sheria inataka kukataliwa kutolewe kwa maandishi pamoja na sababu, na inampa mwombaji haki ya kukata rufaa dhidi ya nchi iliyokataa. Mtume Paulo mwenyewe, aliposhtakiwa, hakutoroka wala hakutoa rushwa. Alitumia haki yake ya uraia akakata rufaa kwa Kaisari. Nasi tuisome karatasi tuliyopewa, tujue sababu iliyowekewa alama, na tuangalie muda wa rufaa, kabla ya kulia au kumkimbilia kishoka. Kukataliwa hakuzuii ombi jipya. Ila kupeleka karatasi zilezile kwa matumaini mapya ni kupoteza ada ya pili.

Tunapohitimisha, tunaziomba parokia zenye mahujaji zifanye jambo moja dogo: miezi sita kabla ya safari, ziwakusanye wanaokusudia kwenda, pamoja na mwamini mmoja aliyekwisha safari hiyo na anayeelewa taratibu, waziandae hati zao kwa pamoja na kwa ukweli. Na atakayekataliwa licha ya unyofu wake, asiachwe peke yake na aibu yake. Jumuiya imtembelee, isali pamoja naye, na imwombe mtawa yule aliyeko Italia ampigie mama yake simu siku ya nadhiri zake. Karatasi ya ubalozi imezungumzia safari moja tu. Haikutoa hukumu juu ya utu wa mama huyo mbele ya Mungu.