Jina letu liandikwe chini ya picha

Leo naongea juu ya picha, na najua kuna watakaosema: "Huyu naye! Watu wanangoja chakula, yeye analeta mambo ya kuchora." Sawa. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnipinge.

Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, vijana wa kambi wanaitwa wachore. Si hapa Gasorwe tu, kambi nyingi ni hivyo hivyo. Karatasi zinaletwa, rangi zinaletwa, na mada nayo inaletwa: amani, matumaini, umoja. Ndiyo maana picha zenyewe mnazijua hata kabla hazijachorwa. Njiwa. Mikono miwili inashikana. Mama ana mzigo kichwani. Jua linatoka nyuma ya mlima. Sisemi ni uongo, mama zetu walibeba mizigo kweli kutoka Uvira, Fizi na Minembwe. Lakini ukimpa mtu jibu kwanza, halafu ndiyo umwulize swali, utakachopata si sauti yake. Jioni picha zinakunjwa, zinapanda gari, zinaenda. Jina la aliyechora linabaki hapa.

Maoni yangu ni haya: tufanye ekspozisiyo yetu wenyewe, hapa hapa, na mada tuchague sisi.

Mfano upo, tena wa karibu. Nairobi kuna mtaa unaitwa Mukuru, karibu na viwanda. Nyumba za mabati, njia nyembamba, maji ya shida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa pale Lunga Lunga walianzisha kundi, wakaliita Wajukuu. Wanachora, wanachonga, na wanafundisha watoto wa mtaa. Mwaka 2022 wakaalikwa Ujerumani, mji wa Kassel, kwenye documenta, maonyesho makubwa yanayofanyika kila baada ya miaka mitano kwa siku 100.

Sasa sikilizeni walichofanya. Hawakupeleka picha ya mtoto analia ili Wazungu wawahurumie. Walipeleka mabati! Mlango wa jumba kubwa la maonyesho waliujengea njia ya giza ya mabati yenye kutu, ukikumbuka nyumba za Mukuru na nyumba za Wamasai. Mgeni akitaka kuingia, alipita humo. Ndani, mmoja wao, Ngugi Waweru, aliweka kazi aliyoitengeneza kwa visu vya zamani vilivyolika kwa kunolewa, na jina lake ni methali ya Kikikuyu: kisu kikali humkata mwenyewe. Fikirini. Visu vya jikoni, vitu ambavyo sisi tunatupa. Mwaka ule ule Wajukuu walipewa tuzo ya Arnold Bode, tuzo inayobeba jina la mwanzilishi wa maonyesho yale.

Hawakuwa peke yao. Kundi jingine la Nairobi, The Nest Collective, lilijenga kibanda cha marobota ya mitumba katikati ya bustani nzuri ya Kassel. Kazi iliitwa "Return to Sender", yaani mrudishieni aliyetuma. Hapo sasa! Sisi tunaovaa mitumba kila siku, nani kati yetu aliwahi kufikiri kwamba robota lenyewe linaweza kusema hivyo, mbele ya wale waliolituma?

Hilo ndilo ninalotaka tulione. Vitu tulivyo navyo vinatosha kusema. Tuna shitingi iliyochanika kwa jua la miaka. Tuna bidoni za maji. Tuna makaa, tuna udongo mwekundu wa Muyinga. Kuna kijana hapa anachora vichwa kwenye vibao vya saluni, mkono wake hautetemeki, na hakuna aliyewahi kumwita msanii. Kuna mama zetu wanaodarizi vitambaa vya meza mpaka ukishika unaogopa kuchafua. Hao wote wana kitu cha kuweka ukutani.

Nakuja kwenye chakula, sababu ni swali la haki. Mtu mwenye njaa umwambie nini kuhusu picha? Nami najibu: picha haitaongeza kilo hata moja ya maharage, na atakayewaahidi hivyo anawadanganya. Hata Mukuru, baada ya tuzo, mabati bado ni mabati. Lakini msiseme sanaa ni ya watu waliomaliza shida zao. Hiyo documenta yenyewe ilianza mwaka 1955, miaka kumi baada ya vita, katika mji uliovunjwa kwa mabomu, ndani ya jumba lililokuwa limeungua. Watu hawakungoja mji upone. Tukingoja sisi tumalize kuwa wakimbizi ndipo tuseme, watakaokuwa wamesema kwa niaba yetu watakuwa wamekwisha kuzoeleka. Na mtu anayesemewa kila siku, mwisho anapangiwa kila kitu.

Kuna jambo la pili: jina. Makumbusho ya Gitega nayo ilianzishwa mwaka 1955, na inahifadhi vikapu, vyungu na ngoma za Burundi. Vizuri kabisa. Ila makumbusho nyingi za Afrika zilikusanywa kwa namna moja: kikapu kimeandikwa kabila, kimeandikwa mwaka, lakini fundi aliyekaa wiki nzima akikisuka hana jina. Sisi pia tukiandikwa tu "mchoro wa mkimbizi," ni njia ile ile. Mkimbizi ni hali iliyonikuta. Picha nimeichora mimi.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Siku mbili, kabla ya 20 Juni. Tuombe darasa au ukumbi wa kanisa. Kila kazi iwe na kikaratasi: jina la aliyetengeneza, ameitengeneza kwa nini, na kama inauzwa, bei yake kwa faranga. Asiyetaka kuuza aandike haiuzwi. Asiyetaka jina lake lionekane kwa sababu za usalama, achague jina lingine mwenyewe, asichaguliwe. Vijana Warundi wa Gasorwe walete zao pia, tunachota maji bomba moja. Kikiuzwa kitu, sehemu ndogo iingie kwenye sanduku la kununua rangi za watoto. Waliosimamia documenta ya 2022, kundi la Indonesia linaloitwa ruangrupa, waliita njia hiyo lumbung, ghala la mpunga la kijiji: kila mtu anaweka akiba, kila mtu anachota. Sisi tunaiita likirimba, hatuhitaji kufundishwa.

Na mashirika? Wakaribishwe, waje kama wageni. Waangalie, waulize, wanunue. Wakitaka kuchukua picha na kuondoka nayo, wamwombe mwenyewe, na jina liende pamoja na picha.

Andikeni hapa chini nani ana kazi na nani ana funguo za ukumbi. Wanaopinga pia waandike. Tubishane, ila tuanze.