Kizuri Hakijiuzi

Kila mwimbaji kijana anayenijia hapa Bukavu na wimbo wake kwenye flashi huja pia na methali. Anaweka flashi mezani, anakunja mikono, kisha ananikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hanitukani, hana nia hiyo. Lakini kazi yangu ni kubandika afishi, kubembeleza watangazaji wa redio na kusifu watu ambao hunilipa wakikumbuka, kwa hiyo kwa hesabu ya methali yake mimi ni mtembeza vibaya. Miaka mingi nimekuwa nikicheka kwa adabu. Sasa nimechoka kucheka. Methali hii ni uongo, na wanaoiamini kwa moyo wote ni wale wenye vipaji. Wasio na vipaji walishaiacha zamani, ndiyo maana wao ndio tunaowasikia.

Nadhani aliyeitunga alikuwa na duka lenye mlango unaotazama barabara. Mtu wa kwetu Katana asingeitunga. Katana iko kilomita 40 na ushee kaskazini mwa Bukavu, kwenye njia ya Goma, na mama anayeuza sambaza pale Kabamba hajui anasa ya kungoja. Sambaza wake ni wazuri, wametoka ziwani alfajiri. Ila jua likipanda wakiwa bado kwenye beseni wataanza kunuka, na uzuri wao wa asubuhi hautawaokoa. Kwa hiyo gari likipunguza mwendo tu kwa ajili ya shimo, beseni liko dirishani na mama ameshataja bei. Sijawahi kumsikia abiria akisema samaki hawa lazima ni wabovu, mbona wanatembea.

Twende basi kwa wale ambao hakuna anayethubutu kuwaita wabovu. Jean Bosco Mwenda, yule wa “Masanga”, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Wapiga gitaa wa Afrika Mashariki walikesha wakijaribu kufuata vidole vyake. Mwaka 1959 mtu huyo alikuwa Nairobi akitangaza Aspro. Ndiyo, Aspro, vidonge vya maumivu ya kichwa. Edouard Masengo, naye wa Katanga, naye Nairobi, alitangaza Coca-Cola. Vidole bora kabisa vilivyowahi kusindikiza Kiswahili vikauza dawa na soda, na kwa njia hiyo vikaingia katika nyumba ambazo visingeingia kwa uzuri wao peke yake.

Mwimbaji Wendo Kolosoy alikuwa fundi mitambo wa meli za mtoni kabla Mgiriki Jeronimidis, mwenye lebo ya Ngoma huko Léopoldville, hajatoa “Marie-Louise” mwaka 1948. Kisha ukasambaa uvumi kwamba wimbo huo unaweza kufufua wafu. Mimi nimeandika matangazo mengi, mengine ya aibu, sijawahi kufika hapo. Na Franco? “Azda” ya mwaka 1973 ni tangazo la biashara, la kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen Zaire, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho. Mpaka leo bibi na bwana harusi wanalicheza hapa Bukavu wakitazamana machoni, wala hakuna anayejali kwamba wanacheza gari.

Hayo ni ya kwenye historia. Niliyoyaona kwa macho yangu ndiyo yaliyonibadilisha.

Mwaka mmoja nilitumwa uwanja wa ndege wa Kavumu kumpokea mwimbaji mkubwa kutoka Kinshasa. Jina lake nalifunika, kwa kuwa nitakayoyasema aliyafanya akidhani hakuna anayemtazama. Sauti yake niliijua tangu utoto, kupitia redio ya mjomba wangu ambayo ilifungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Nilikuwa nimejiandalia sentensi tatu za Kifaransa kizito za kumkaribisha. Sikupata nafasi ya kusema hata moja. Aliingia garini, akavua miwani, akaomba kalamu.

“Dereva anaitwa nani?”

Nikamtajia. Akaandika nyuma ya kadi yake ya ndege. Mwenye sono? Akaandika. Mtangazaji wa asubuhi, yule wa kina mama, ni nani? Mke wa mwenye ukumbi? Mzee anayekata tiketi mlangoni? Upande wa kushoto ziwa lilikuwa limetulia kama kioo, wageni wote hulipiga picha; yeye hakuinua kichwa. Tulipofika Mudaka kadi ilikuwa imejaa pande zote mbili, na mimi nimeishiwa majina.

Usiku, kwenye wimbo wa tatu, aliyatupa yote. Kinshasa wanaita kobwaka libanga, kutupa jiwe: unalitaja jina la mtu katikati ya wimbo, na kwa kawaida mwenye jina ni tajiri na amelipia. Huyu alimtupia dereva bure. Dereva mwenyewe alikuwa nje akilinda gari, akalisikia jina lake likipita ukutani. Kesho yake alisimamisha gari kila penye watu watatu ili awasimulie, na kwa muda wa wiki nzima nikawa na mtu wa matangazo nisiyemlipa hata faranga.

Nakiri kwamba usiku ule nilirudi nyumbani nimenywea. Nilikwenda kumwona malaika wa redio ya mjomba, nikamkuta mchuuzi mwenye orodha. Nilifikiri nimevunjiwa kitu. Baadaye ndiyo nikaja kuona kwamba ile orodha ilikuwa kazi ya usanii sawa na mazoezi ya sauti, na kwamba ameifanya katika kila mji kwa miaka zaidi ya ishirini, akiwa amechoka, akiwa na njaa, bila mtu wa kumpigia makofi ndani ya gari.

Sasa mchukue mwingine, wa hapa hapa Bukavu. Nasema bila kutafuna maneno: sauti yake ilikuwa bora kuliko ya yule wa Kinshasa. Nilimtafutia nafasi redioni saa kumi na mbili asubuhi, akasema ni mapema mno kwa koo lake. Nikamwomba tupite soko la Kadutu asalimie watu, akaniuliza kama nimemwona anauza nyanya. Muziki utajisemea, akasema. Siku ya onyesho nilihesabu watu 31, nikijihesabu mimi na mafundi wa sono. Aliimba vizuri mpaka fundi mmoja akasahau kuzima sigara ikamuunguza kidole. Hakuna mwingine mjini aliyelijua hilo, na mwandaaji alikataa kumwalika tena. Leo ni kambista, anabadilisha dola, na biashara inamwendea vizuri. Kibanda chake amekipaka rangi ya njano inayoonekana toka mbali. Nilipomuuliza kwa nini njano, alinitazama kama mtu anayemwonea mjinga huruma. Watu wasipokuona, akasema, watajuaje kama uko?

Sikumjibu. Niliomba chenji yangu nikaondoka.

Najua mtakalonirudishia. Mtasema nusu ya pili ya methali ni kweli, vibaya vinajitembeza, na vinatembea kwa miguu minne. Nakubali kabisa. Kuna nyimbo siku hizi ambamo majina ya waliolipa ni mengi kuliko maneno ya wimbo, unasikiliza dakika saba hujui kama ni mapenzi au ni orodha ya wafanyabiashara. Kuna bahasha zinazopita chini ya meza ili wimbo upigwe, na sitajifanya mtakatifu, mikono yangu nayo imewahi kuzibeba. Lakini mwizi akitumia barabara, hatuifungi barabara. Kwa nini wimbo mbovu uwe na miguu, na ule mzuri tuukate miguu halafu tuuite una heshima?

Wengine watasema mambo hayo yamepitwa na wakati, kuna intaneti, wimbo mzuri unajisambaza wenyewe. Watanitajia Innoss’B wa Goma. Naye namtaja kwa furaha. Alishinda mashindano ya Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mtoto. “Yope” aliyoimba na Diamond Platnumz, iliyompeleka kila kona ya Afrika Mashariki, ni ya 2019. Hesabu miaka iliyopo katikati, kisha uniambie kama aliilala kando ya ziwa akingoja simu. Na huyo Diamond aliyeshirikiana naye ni mtu mwenye redio na televisheni yake mwenyewe. Ukitaka mfano wa kitu kilichojiuza, hapo hujaupata.

Mtoto wa Kindu, Remmy Ongala, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978. Alikuwa na nyimbo ambazo maskini wa Tanzania walizisikia kama barua zao wenyewe. Ulaya hawakumjua mpaka kaseti yake ilipobebwa na rafiki aliyekuwa akirudi Uingereza, ikafika kwa watu wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 akawa kwenye majukwaa yao. Mwaka uliofuata santuri yake ikatoka kwenye lebo ya Real World. Kaseti moja, mkoba mmoja. Rafiki yule angeipenda tu na kuiacha kwenye droo, uzuri wa nyimbo usingepungua hata chembe, na droo isingefunguka yenyewe. Mwenyewe Remmy alijiita sura mbaya, akafanya ubaya wa sura kuwa bango. Sinza, kituo cha daladala kimebaki na jina lake.

Papa Wemba alifanya zaidi. Kule Matonge, Kinshasa, alichukua herufi za mwanzo za barabara tano, Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia, akapata Molokai. Akautangaza mtaa kuwa kijiji na yeye kuwa chifu wake. Hakuna mwami aliyemtawaza. Vijana wakaja kukaa uani kwake, na kila mmoja akarudi kwao na habari za kijiji ambacho hakiko kwenye ramani yoyote. Alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, kijiji kingali kinatajwa.

Lakini wataalamu wa matangazo ninaowaheshimu kuliko wote ni wa huku kwetu kwa Washi, na hawakuwa wasanii wa kulipwa. Miaka ya 1951 na 1952 Mmarekani Alan Merriam alipita katika nchi hizi akirekodi muziki. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 anasimulia habari za wasichana waliokuwa vibarua kwenye shamba la mzungu. Bwana shamba alikuwa ameacha kuwapa chumvi na mafuta, na wao waliogopa kumkabili. Mashine ya kurekodi ikawekwa, mwenye shamba yuko pale pale. Wakaimba. Wimbo baada ya wimbo, maneno yakawa yanakaribia chumvi, yanazunguka, yanarudi kwenye mafuta. Hawakuwa wamewahi kuajiri mtu kama mimi. Waliona kipaza sauti mara moja, wakajua ni cha nini.

Ninapofika hapa huwa namkumbuka mzee mmoja wa Katana anayepiga lulanga, kile kibao kilichochongwa kama sinia refu, uzi wake ukipita na kurudi kwenye meno yake. Nilipokuwa mtoto, baba yangu, mtu wa haraka asiyesimama hata kwa mvua, alikuwa akisimama kwa huyo. Nilipokua na kuanza kazi hii nilimwendea, nikamwomba aje redioni Bukavu. Alikataa kwa upole. “Benye bananitaka banajua kwangu,” akasema. Methali ile ile, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Nikaomba basi nimrekodi kwa simu. Akakubali, akapiga karibu nusu saa, kuku wakipita katikati yetu. Ulikuwa muziki ambao sikuwahi kuusikia mahali pengine. Nikarudi Bukavu nikiwa na mpango: ningengoja wakati mzuri, nipate mashine safi ya kuusafisha, nipate mfadhili. Muziki kama huu hauozi, nilijiambia. Nikaukalia miezi minane. Kisha siku moja nikaibiwa simu Kadutu, mchana, nikinunua viazi.

Haya yote niliyoyaandika hapa juu niliyajua tayari siku hiyo. Niliwahubiria vijana kila wiki. Na bado nilifanya kama mwenye duka la mlangoni: nilikalia kizuri nikingoja kitembee.

Mwezi uliopita nilipanda gari la Katana kwenda kumwomba radhi. Nilimkuta uani, mjukuu wake wa kike akiwa ameketi na lulanga mapajani, akijifunza. Nilieleza habari ya simu, yote, hata viazi. Mzee hakukasirika. Alicheka mpaka akakohoa.

“Leo umekuya na betri?”

Nikamwonyesha mashine, betri mbili, na nyingine ya akiba.

“Dola tano, mbele,” akasema. “Na jina yangu utaitaja mara mbili. Mwanzo na mwisho.”

Mfukoni nilikuwa na nauli tu. Ndiyo maana jina lake silitaji hapa: bado sijalipa.