Tohara au Ukeketaji? Elimu Ianze na Jina

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Hata hivyo, ipo mila ambayo aishikaye ndiye mtumwa. Kenya ilipitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji mwaka 2011. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 nayo ikakataza tohara ya wasichana. Licha ya hayo, utafiti wa kitaifa uliochapishwa nchini Somalia mwaka 2020 ulibaini kuwa takriban asilimia 99 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kulikoni?

Kwa maoni yangu, sehemu ya jibu imo katika lugha. Neno la Kisomali gudniin hutumika kwa mvulana na msichana sawia, kana kwamba wanatendewa jambo moja. Aidha, ule ukataji wa kushona, uitwao tohara ya Firauni, siku hizi hulaumiwa na wengi. Lakini badala ya wembe kutupwa, jina ndilo hubadilishwa. Mzazi husema bintiye amefanyiwa "sunna" tu. Neno hilo hukipa kitendo heshima ya dini, ilhali wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Kairo, mwaka 2006 walitamka kuwa ni desturi isiyo na msingi katika Kurani wala Hadithi sahihi.

Kiswahili nacho hakijasalimika. Tusemapo "tohara" twadokeza utakaso. Tusemapo "ukeketaji" twarejelea kukeketa, yaani kukata kwa kisu butu. Neno la kwanza huficha jeraha. La pili hulifichua, lakini mama wa Wajir au Garissa aweza kulisikia kama tusi, akafunga mlango kabla ya somo kuanza.

Basi mwalimu wa jamii na aanze kwa kuuliza, kwa Kisomali: ni nini hasa kinachokatwa? Mkojo, hedhi na uzazi huwaje baadaye? Majibu wanayo akina mama na nyanya wenyewe, ambao ndio huamua. Isitoshe, wanao utanzu wao wa ushairi, buraanbur, utungwao na wanawake na kuimbwa mbele ya wanawake. Sheria huogopwa, nayo hukwepwa usiku. Utenzi wa nyanya hukaririwa hadi kwa mjukuu.

Wanafunzi wenzangu wa fasihi, tusiwaachie kazi hii mahakimu na madaktari pekee. Maneno ndiyo taaluma yetu.