Telefone ya mchimbaji: angalia kazi, usiangalie jina

Wandugu wachimbaji wa Zongwe, na nyinyi bamama mnaobaki na watoto ku nyumba: mtu akipata kidogo mu shimo, mara nyingi kitu cha kwanza anachowaza kununua ni telefone. Hatumlaumu. Mu kazi hii, ambapo baba anaweza kukaa majuma mbali na familia, telefone ndiyo barua, ndiyo banki, ndiyo njia ya kusema "niko muzima". Lakini wako watu wanaotoa makuta ya mwezi mzima ku kitu cha kung'aa, kisha siku mtoto anagonjwa na mama anapiga, ile telefone imezima mu mfuko. Ndiyo maana leo tunasema neno moja: telefone nzuri ya mchimbaji ni ile inayowaka na kushika rezo siku ya shida. Mengine yote yanakuja nyuma.

Basi kabla ya kuuliza bei, jiulize kazi. Kama unataka kupiga, kupokea na kutuma franka ya bukari na ya masomo, telefone ya mabutoni inatosha. M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mu 2012, na Airtel Money na Orange Money nazo ziko. Zote zinafanya kazi kwa kuandika namba za huduma, bila mega, bila intaneti. Kule Kenya, M-Pesa ilipoanza mu 2007, watu waliitumia ku telefone ndogo za mabutoni, na makuta yalifika. Telefone hizo zinakaa siku nyingi na moto, zinaanguka bila kuvunjika, na nyingi ziko na torshi. Mu shimo hiyo si kitu kidogo.

Kama unataka WhatsApp, picha, habari na bei za madini, hapo ndipo unahitaji Android. Lakini tazama mwaka wake. Tangu tarehe 1 Januari 2025, WhatsApp haifanyi tena kazi ku simu za Android 4.4 na za chini yake. Muuzaji anaweza kukuuzia hiyo simu ikiwa safi, na ekrani inawaka vizuri, lakini ujumbe wa mtoto wako hautaingia. Fungua sehemu ya mipangilio, angalia kwenye habari za simu, soma namba ya Android. Kama hujui kusoma hiyo sehemu, enda na kijana anayejua. Hakuna haya.

Baada ya kazi, batri. Kalemie inapata umeme wa Bendera, lakini ku mashimo kila mtu anajitafutia: pano ya jua, grupe, ao kulipa mtu wa kuchajisha. Kila kuchajisha ni franka inayotoka. Ku boksi ya simu kunaandikwa nguvu ya batri kwa mAh. Kwa Android ya mtu wa porini, tafuta 5000 ao zaidi. Ekrani kubwa yenye mwanga mkali inakula batri, hata kama namba ni kubwa. Kwa hiyo punguza mwanga, na ufunge mega wakati huzitumii. Ikiwa simu ni ya okazio, usiamini namba ya boksi, maana batri iliyozeeka haishiki moto kama zamani. Iwashe, iache nusu saa ikionyesha video, uone asilimia ngapi zinashuka.

Kisha rezo. Kabla ya kununua, uliza wenzako wa shimo ni rezo gani inashika pale mnapolala, si pale ku soko. Inafaa simu iwe na nafasi mbili za karti SIM, ili ile inayoshika kule na ile inayoshika ku nyumba zikae pamoja. Na hapa kuna mtego: simu nyingi za okazio zinatoka Ulaya, Marekani ao Dubai. Nyingine zilifungwa na kampuni ya kule, hazikubali karti ya kwetu. Dawa yake ni rahisi: ingiza karti yako mwenyewe, piga, upigiwe, fungua mega, ndipo utoe makuta. Muuzaji akikataa, rudisha simu yake. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Bonyeza pia *#06#. Namba ya tarakimu 15 itatokea, inaitwa IMEI. Ilinganishe na ile ya ku boksi. Zikiachana, ujue boksi na simu havikuzaliwa pamoja. Iandike hiyo namba ku karatasi na uiache ku nyumba. Na omba fakture, hata iandikwe kwa mkono, yenye jina la butiki, tarehe na IMEI. Simu ya wizi inaweza kukupeleka mbele ya polisi, na bila karatasi utajibu nini? Mtu akikuomba malipo ya RAM, ile kodi ya simu iliyoanza mu 2020, ambapo simu ya 3G ao 4G ilikatwa dola 7 kwa mwaka, kataa: ilisimamishwa mu 2022.

Vumbi na maji ndivyo adui wa simu ya mchimbaji. Ku simu nyingine utaona imeandikwa IP, kisha namba mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu. Ya pili ni ya maji, na 8 maana yake inavumilia kuzama kwa muda. Simu yenye IP68 inakuwa bei kubwa. Kama huna uwezo, mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na kava ya mpira vitakusaidia kuliko jina kubwa mgongoni mwa simu.

Sasa, kuna faida moja ya Android ambayo tungependa kila mchimbaji wa dhahabu aijue. Bei ya dunia inasemwa kwa onsi, na onsi moja ni gramu 31.1. Chukua bei ya siku, gawanya kwa 31.1, unapata bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Tuseme onsi ni dola 3110: gramu ni dola 100, na tola moja, ambayo ni gramu 11.66, ni dola 1166. Dhahabu ya shimo haiko safi kabisa, na mnunuzi naye iko na safari, kodi na faida yake, kwa hiyo hatakupa yote. Lakini mtu anayejua dola 100 hauzi kwa 40 akisema asante. Hesabu hiyo kikokotozi cha simu kinaifanya kwa dakika moja, na kikokotozi hakihitaji mega. Kinachohitaji mega ni kujua bei ya siku. Mtu mmoja ku shimo akiwa na Android, anaweza kuwasomea wote asubuhi. Si lazima kila mtu anunue yake.

Tunafika ku neno zito. Makuta yako mu telefone yako ku jina la nani? Kuna watu wanaotumia karti SIM iliyoandikishwa ku jina la rafiki, ao la muuzaji wa kabini. Siku karti inapotea, mwenye jina ndiye anayesikilizwa. Na tuseme wazi, kwa sababu wote tunajua kazi hii: siku udongo unaporomoka na mtu harudi, mjane anabaki na simu imefungwa, hajui namba ya siri, na makuta ya watoto yamelala ndani. Kwa hiyo enda na karti yako ya uchaguzi, andikisha SIM ku jina lako. Namba ya siri usimpe PDG wa shimo, wala mtu wa kabini, wala rafiki. Lakini usifanye simu yako kuwa sanduku la familia nzima. Nunulia mama wa nyumba telefone ya mabutoni, na SIM ku jina lake mwenyewe, na kila unapopata utume sehemu kubwa kwake. Kati ya Android moja ya bei kubwa ya baba, na simu mbili za kawaida, moja ya baba na moja ya mama, sisi tunachagua mbili bila kusita.

Mbili hizo haziwapunguzii heshima. Mu kila telefone kuna kazi ya mikono kama yenu: bati inayotoka ku kasiterite ndiyo inashikamanisha vipande vyake, tantali ya koltani iko ndani ya vipande vinavyotunza umeme, dhahabu kidogo sana iko ku viungo vyake.

Kwa wauzaji wa Kalemie na wale wanaotembeza simu mpaka Zongwe, tunaomba jambo moja: fakture na siku tatu za garanti. Muuzaji wa kweli hapotezi kitu. Kwa ma-PDG wa mashimo: pano moja ya jua ya kuchajishia timu nzima haimalizi faida yenu, na inamwezesha mtu kuitika mke wake anapopiga. Na kwenu wachimbaji: ukishapata, lala na makuta usiku mmoja. Asubuhi piga hesabu ya bukari, ya masomo, ya dawa. Kinachobaki ndicho cha telefone.