Malezi ya Nyumbani: Pendo Lisilodhuru

Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya vyakula na michezo ya watoto.

Wengi wetu tulikua bila kuonja soda ila siku ya sikukuu. Basi leo, tukipata fedha kidogo, twaona fahari kumpa mtoto kila siku kile tulichokikosa sisi. Lakini angalieni: chupa ya soda ya mililita 300 mara nyingi ina sukari kama gramu 30, yaani vijiko vidogo saba. Je, nani kwetu atiaye vijiko saba katika kikombe kimoja cha mtoto? Sukari nyingi huozesha meno, hunenepesha mwili, na huweza kuvuta kisukari ukubwani. Nayo maharagwe, mchicha, dagaa na papai tunavyo karibu.

Tena mwili wataka kazi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 5 hata 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku za kujitaabisha kiasi cha kuhema. Kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira, kwenda shule kwa mwendo wa haraka, yote yafaa. Enyi walimu, msimnyime mtoto mchezo kuwa ndiyo adhabu. Nanyi wazazi, msiwaweke wasichana jikoni jioni zote, wavulana wakicheza uwanjani.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akililia soda, mpeni maji na tunda, kisha mwacheni akacheze. Atanuna kidogo, nanyi vumilieni.