Ulitazama na Nani?

Waandishi wa toleo hili tuliwapa sharti moja tu. Andika utakacho kuhusu filamu, tamthilia au mpira wa kwenye runinga. Sifia, ponda, cheka. Lakini utuambie ulitazama na nani. Wawili walikasirika. Mmoja alituma makala ndefu kuhusu mwanga na kivuli katika filamu za Ulaya, na tulipomuuliza alikaa na nani, akajibu kwamba alikuwa peke yake chumbani, usiku wa manane, visikizi masikioni. Tukamrudishia. Pengine tulimwonea, maana makala yenyewe ilikuwa safi. Ila mhariri ni mimi, na uhakiki wa filamu mimi niliusomea kibanda umiza.

Kwa wasiokijua, na nasikia siku hizi wapo: kibanda umiza ni mabati, turubai jeusi la kuzuia mwanga, mabenchi yasiyo na egemeo, deki moja, runinga moja na joto la watu sitini. Jina linajieleza ukishakaa saa mbili. Sisi wa Bara tulijua deki kabla ya kituo. Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970; sisi tulisubiri mpaka 1994. Katika kusubiri huko tukazoea kwamba picha ni kitu cha kwenda kukitazama kwa watu, na ukiwa kwa watu huwezi kukaa kimya kama uko mtihanini.

Mkanda wa kwanza ninaoukumbuka vizuri ni Commando ya 1985. Arnold Schwarzenegger anatokea mwanzoni amebeba gogo begani kama mtu anayetoka kukata kuni. Maadui wanamteka binti yake. Steringi anaingia kisiwani peke yake, jeshi zima linammiminia risasi, na yeye anatembea wima. Mjomba wangu, mgambo mstaafu, alikuwa kando yangu na hasira za kitaalamu. "Hawa hawakupita JKT," alisema, banda zima likamsikia. "Mtu yuko hatua kumi, unampiga juu ya kichwa? Nani kawapa silaha?" Watu walicheka mpaka wakamsahau steringi. Nimesoma baadaye wahakiki wengi wa filamu za mapigano, na sijamwona aliyeugusa udhaifu wao haraka kama mjomba.

Kisha ikaja Titanic. Ilikuja kwa kanda mbili, maana ni filamu ya zaidi ya saa tatu, na mwenye kibanda hakuona aibu kutoza kiingilio mara mbili. Jack alipozama kwenye kanda ya pili, banda lilikataa. Sheria inajulikana: steringi hafi. Akifa, basi hakuwa steringi, alikuwa rafiki wa steringi. Wakubwa waliolelewa na picha za Kihindi walijaribu kutukumbusha kwamba Amitabh Bachchan alikufa kwenye Sholay tangu 1975. Wakajibiwa kwamba Dharmendra alibaki hai, kwa hiyo sheria ilisimama. Huku kwenye Titanic amebaki nani? Watu wazima, wenye ndevu, wakamdai mwenye kibanda kanda ya tatu. Alipoona benchi linanyanyuliwa akaahidi kwamba inakuja Jumamosi. Mimi Jumamosi nilikwenda.

Aliyetuwezesha kubishana hivyo ni mtafsiri. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, yaani Derek Mukandala. Kenya wanaye DJ Afro. Hawa waligundua kwamba filamu ya kigeni unaweza usiitafsiri, ukaisimulia. Wa mtaani kwetu, Mzungu akisema neno moja yeye alisema matano, na mawili kati ya hayo yalihusu bei ya sukari. Wasomi walilalamika kwamba watu hawa wanaharibu kazi za wenzao. Waliharibu, sibishi. Lakini Kiingereza kiliponikaa vizuri nilizirudia baadhi ya filamu zile, nikakuta mazungumzo makavu kama muhogo wa juzi. Nilikuwa nimewapenda wahusika ambao hawakuwahi kuwepo, waliotungwa na kijana mwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa gundi ya karatasi.

Mpira nao ni hivyo hivyo. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 kibanda kilijaa hadi watoto wakakaa juu ya spika: Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, Johannesburg. Wako 1-1, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, Luis Suárez anauzuia mpira mstarini kwa mikono yake miwili. Kadi nyekundu. Penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Zilipofika penalti za kuamua mshindi sisi tulikwisha kuwa wafiwa, na Ghana ikatolewa kama tulivyojua itatolewa. Mzee mmoja akasimama, akaenda hadi kwa mwenye kibanda, akanyoosha kiganja. "Nirudishie hela yangu. Nililipa nione mpira wa miguu, si wa mikono." Akarudishiwa. Ndiyo mara pekee niliyoona mwenye kibanda akirudisha hela, na ndiyo ripoti fupi kuliko zote za mchezo ule. Sisi magazetini tuliandika kurasa mbili na hatukuifikia.

Msomaji atasema haya ni makelele ya wanaume. Basi nimlete mama.

Mama yangu alikuwa mke mkubwa. Baba alioa tena nikiwa darasa la nne, na mama hakusema neno mbele yetu, si siku ile, si baadaye. Miaka mingi ikapita. Ikaja tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, Sultan, habari za Suleiman na mjakazi wake Hürrem aliyepanda mpaka akawa mke, na Mahidevran, mama wa Mustafa, mtoto mkubwa, akiwekwa pembeni. Mama akaiweka rimoti chini ya mkeka. Kila jioni alikaa, akajifunga kanga vizuri, akaanza kumwambia Hürrem. Alimwambia kila kitu. Mambo ya sultani yalikuwa machache humo. Mengi yalihusu kitanda, duka na kiwanja cha Mbagala. Dada yangu na mimi tulikaa nyuma yake na sahani zetu, tukiisikia ndoa ya wazazi wetu kwa mara ya kwanza. Huwezi kuipata tamthilia hiyo ukiitazama na visikizi.

Ikawa siku moja mjukuu wake, aliyekuwa akichezea simu, akampa habari: "Bibi, huyu Mustafa atanyongwa. Imeandikwa hapa, mwaka 1553." Mama alimtazama kwa muda. "Baba yake hajafika huko bado. Wewe unamwua mtoto wa watu mapema, nani kakutuma?" Siku mbili hakumsemesha. Sikumtetea kijana.

Siku hizi nyumbani kwangu tuko watano na simu sita. Siku ya Simba na Yanga, jirani yetu mzee mwenye redio ndiye anayepiga kelele ya kwanza. Sisi wa king'amuzi tunafuatia, tukiwa tumekwisha kujua. Mwisho kabisa ni mwanangu, kule chumbani na simu yake, kwa vile picha ya intaneti huchelewa zaidi. Goli moja linafungwa mara tatu katika kuta zile zile, na yeye hushangilia peke yake wakati sisi tumeshaanza kuwalaumu mabeki. Nimemwita sebuleni mara kadhaa. Anasema tunapiga kelele.

Kwa hiyo msitafute humu ndani orodha ya filamu bora wala nyota za kuhesabu. Kuna makala ya mwandishi aliyetazama tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake akiwa na mama mkwe wake mwenyewe, na naisifu kwa ushujaa. Kuna ya mchungaji aliyetazama ndondi na kwaya nzima. Ya mwanga na kivuli imerudi wiki iliyopita. Mwandishi ameitazama upya moja ya filamu zile, safari hii na shangazi yake, ambaye alisinzia dakika ya kumi na tano. Amelisema hilo wazi katika aya ya kwanza, nasi tumeipa ukurasa wa katikati.

Ukituandikia barua, taja ulikaa na nani. Barua za mashabiki wa timu yangu zitatangulia. Timu yenyewe siitaji. Wa mtaani wanaijua.